Kulinda seva ya Minecraft uliyoiweka mwenyewe: mwongozo kamili, kuanzia SSH hadi bakapu

Mwenye seva ndogo ya marafiki akiambiwa habari za ulinzi huuliza swali lile lile: nani ahangaike na sisi watu wanane? Kweli, hakuna anayehangaika nanyi hasa. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikipiga hodi kwenye kila anwani. Anwani zote za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na kwa mashine za leo kuzipitia zote kwenye poti moja (mlango wenye namba ambao programu husikilizia) si kazi kubwa. Poti ya Minecraft Java inajulikana na kila mtu: 25565. Ukiwasha seva tu, umeshaingia kwenye orodha ya mtu usiyemjua.

Wanaokuja ni wa aina mbili. Wa kwanza anataka kompyuta yenyewe: aipachike programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, aitumie kushambulia wengine, atume barua taka. Majumba mliyojenga hayamhusu. Wa pili anataka ulimwengu wenu: aingie, alipue, acheke, aondoke. Miongozo mingi huanza na huyu wa pili kwa kuwa ndiye anayeonekana. Mimi naanza na wa kwanza. Ulimwengu uliolipuliwa unarudishwa kwa bakapu ndani ya dakika chache, lakini kompyuta iliyotekwa inabidi ifutwe yote.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya watoto. Mirai, programu iliyoteka kamera na ruta za watu majumbani mwaka 2016, ilitengenezwa na vijana watatu wa Kimarekani waliokuwa ndani ya biashara ya seva za Minecraft, ambako kuangusha seva ya mpinzani ni kumnyang'anya wateja. Baada ya msimbo wake kumwagwa hadharani, vifaa vilivyoambukizwa vilitumika Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Vijana hao walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Yote yalianzia kwenye gemu la matofali.

Mwongozo huu unachukulia kwamba umekodi VPS (kompyuta ya kukodi inayofikika kwa intaneti) yenye Ubuntu, na unaendesha Minecraft Java kwa kutumia Paper, programu ya seva inayokubali plagini. Kama unaendesha gemu jingine, hatua tatu za kwanza na ile ya bakapu hazibadiliki sana. Badilisha namba za poti tu. Bedrock, kwa mfano, inatumia 19132 ya UDP.

Je, nyumbani? Kwa laini za simu mara nyingi haiwezekani hata ukitaka, kwa sababu mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje na huna poti ya kufungua. Mwenye faiba anaweza, lakini atakuwa amewapa wachezaji wote anwani ya nyumba yake, na shambulio likija linaizima intaneti ya familia nzima. Kodi VPS.

## Hatua ya 1: Funga njia yako mwenyewe ya kuingilia

Seva mpya hukabidhiwa ikiwa na mtumiaji `root`, mwenye mamlaka yote, na, mara nyingi, nywila iliyotumwa kwa barua pepe. Ingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, kisha utazame logi (kumbukumbu ya matukio):

```
sudo journalctl -u ssh --since today | grep -i failed
```

Kama seva ina saa chache hewani, utaona mistari ya watu wasiojulikana wakijaribu `root`, `admin`, `test`, `ubuntu`, na `minecraft` pia. Hao ndio wageni niliowataja. Nywila haitoshi kuwazuia, tumia ufunguo, yaani faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yako. Kwenye kompyuta yako, si kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519
```

Ukiulizwa neno la kulinda ufunguo, weka. Laptopu ikiibwa, hilo ndilo litakalosimama kati ya mwizi na seva. Kisha kwenye seva tengeneza mtumiaji wako wa kawaida, umpe haki ya sudo (kutoa amri kwa mamlaka ya root), halafu kwenye kompyuta yako tuma ufunguo:

```
sudo adduser msimamizi
sudo usermod -aG sudo msimamizi

ssh-copy-id msimamizi@ANWANI_YA_SEVA
```

Hakikisha unaingia kwa ufunguo. Sasa zima nywila. Hapa ndipo wengi hudhani wamemaliza kumbe bado. Wanafungua `/etc/ssh/sshd_config`, wanaandika `PasswordAuthentication no`, wanaanzisha SSH upya, wanaenda kulala. Lakini kwenye Ubuntu nyingi za kukodi kuna faili jingine, `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf`, lenye mstari mmoja tu: `PasswordAuthentication yes`. SSH huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na folda hiyo husomwa kabla ya faili kuu. Kwa hiyo neno la faili dogo ndilo linalosimama, na nywila inaendelea kufanya kazi huku wewe ukijua umeizima.

Dawa ni kuweka faili lako lenye jina linalotangulia kialfabeti, tuseme `/etc/ssh/sshd_config.d/10-ulinzi.conf`:

```
PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
```

Kisha kagua, na usikubali kuamini faili. Iulize SSH yenyewe inachofuata:

```
sudo sshd -t
sudo sshd -T | grep -i -E 'passwordauth|permitroot'
sudo systemctl restart ssh
```

Usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, ingia upya, ukiona umeingia ndipo ufunge la kwanza. Ukijifungia nje, utalazimika kupitia konsoli ya kampuni uliyokodi kwao, na hiyo nayo ina akaunti: iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo leo, maana mwenye akaunti hiyo anaweza kuifuta seva bila kugusa SSH.

Kuhusu kuhamisha SSH kutoka poti 22: kunapunguza kelele kwenye logi, basi. Ukitaka fanya, lakini usiuhesabu kuwa ulinzi.

Maliza hatua hii kwa kuwasha masasisho ya usalama yanayojiendesha:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades
```

## Hatua ya 2: Gemu lisiendeshwe na root

Nikiruhusiwa kuchagua jambo moja tu katika mwongozo huu, nachagua hili. Kila plagini (nyongeza ya seva) unayoiweka ni programu kamili ya Java. Hakuna kizuizi kati yake na mashine: inachoweza kufanya mtumiaji anayeendesha seva, plagini inaweza. Ukiendesha kwa `root`, umempa mwandishi wa kila plagini, usiyemjua, kompyuta nzima.

Tengeneza mtumiaji asiye na nywila wala haki yoyote:

```
sudo adduser --system --group --home /opt/minecraft minecraft
```

Weka `paper.jar` humo, faili zote ziwe za mtumiaji huyo, kisha andika `/etc/systemd/system/minecraft.service`, faili linaloiambia Ubuntu jinsi ya kuwasha seva:

```
[Unit]
Description=Seva ya Minecraft
After=network-online.target

[Service]
User=minecraft
Group=minecraft
WorkingDirectory=/opt/minecraft
ExecStart=/usr/bin/java -Xms2G -Xmx4G -jar paper.jar nogui
Restart=on-failure
SuccessExitStatus=0 143
NoNewPrivileges=true
PrivateTmp=true
ProtectHome=true
ProtectSystem=strict
ReadWritePaths=/opt/minecraft

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mistari mitano ya mwisho chini ya `[Service]` ndiyo yenye kazi. `ProtectSystem=strict` inaufanya mfumo wote usomeke tu, usiandikike, isipokuwa folda uliyotaja kwenye `ReadWritePaths`. `ProtectHome` inaficha folda za watumiaji, pamoja na funguo zako za SSH. `NoNewPrivileges` inamzuia mvamizi asipande cheo kwa kupitia sudo na mfano wake. Plagini mbovu bado inaweza kuharibu ulimwengu wenu, lakini mharibifu amebanwa ndani ya folda moja.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now minecraft
```

Paper za sasa zinahitaji Java mpya. Minecraft 1.20.5 ilipandisha kiwango cha chini kuwa Java 21, na matoleo ya baadaye yanaweza kudai mpya zaidi.

## Hatua ya 3: Fayawoli

ufw ndiyo fayawoli ya Ubuntu, inayoamua poti zipi zifunguliwe kwa watu wa nje:

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw limit OpenSSH
sudo ufw allow 25565/tcp
sudo ufw enable
```

Amri ya tatu iwe imeshaingia kabla ya ya mwisho, la sivyo utajifungia nje. Neno `limit` humkatia mtu anayejaribu kuunganisha mara sita au zaidi ndani ya sekunde 30.

Halafu tazama nini hasa kinasikiliza:

```
sudo ss -tulpn
```

Pitia kila mstari. Ukiona 25575, hiyo ni RCON, nitaizungumzia. Ukiona 8123, huenda ni Dynmap, ile ramani ya kivinjari inayoonyesha kila mchezaji yuko wapi. Ukiona 3306, ni hifadhidata ya MySQL, na haina sababu yoyote ya kuonekana kutoka nje.

Tahadhari kwa wanaotumia Docker: Docker huandika kanuni zake za mtandao yenyewe na kuipita ufw. Unaweza kuwa umefunga poti kwa ufw, `ufw status` ikakuthibitishia, na bado poti iko wazi kwa dunia nzima. Poti ya ndani iandikwe `127.0.0.1:25575:25575`, si `25575:25575`. Ukitaka uhakika, ichunguze seva kutoka kompyuta nyingine kwa `nmap -p- ANWANI`. Hicho ndicho anachokiona mvamizi.

## Hatua ya 4: server.properties, na suala la akaunti

Faili hili lina mistari mingi, ila ya ulinzi ni michache:

```
online-mode=true
white-list=true
enforce-whitelist=true
enable-query=false
```

Ukishabadilisha, anzisha seva upya na uongeze watu wako kwa `whitelist add Jina`. `enforce-whitelist` maana yake orodha ikisomwa upya, asiyekuwemo anatolewa hata kama alikuwa ndani anacheza.

Sasa tuzungumze `online-mode`, kwa sababu huku kwetu ndiko kwenye mvutano. Vijana wengi hawana akaunti ya kulipia, kwa hiyo mwenye seva anaandika `false` ili wote waingie. Masharti ya Minecraft hayaruhusu kucheza bila leseni, na hilo unalijua, sitahubiri. Nitaeleza kinachotokea kwenye mashine.

Ikiwa `true`, mchezaji akija seva inaziuliza seva za Mojang, watengenezaji wa Minecraft, kama huyu ndiye kweli. Ikiwa `false`, haiulizi mtu. Mgeni akisema yeye ni Juma, ni Juma. Utambulisho wake unatengenezwa kutokana na jina tu, kwa hiyo yeyote anayejua jina la msimamizi wako, na majina huonekana kwenye orodha ya wachezaji, anaingia akiwa na cheo, mizigo na nyumba za msimamizi. Orodha ya walioalikwa haisaidii hapa, maana nayo inaangalia jina hilo hilo. Paper yenyewe inakuonya kila inapowaka, kwa herufi kubwa: `SERVER IS RUNNING IN OFFLINE/INSECURE MODE!` Watu wameuzoea mstari huo hadi hawauoni.

Kama huna namna, njia salama zaidi ni kutoionyesha seva kwa dunia kabisa. Weka WireGuard au Tailscale, programu za mtandao wa faragha (VPN), kila mchezaji apewe ufunguo wake, na poti 25565 ifunguliwe kwa mtandao huo wa ndani pekee:

```
sudo ufw delete allow 25565/tcp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 25565 proto tcp
```

Kwa Tailscale badilisha `wg0` iwe `tailscale0`. Watu wanane wanaofahamiana hawashindwi kusakinisha programu moja ndogo. Njia ya pili ni plagini ya kusajili nywila kama AuthMe. Inafanya kazi, ila sasa umebeba mzigo mpya: unahifadhi nywila za watu, na kijana wa miaka 14 hutumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe yake. Kwa seva iliyo wazi kwa umma katika hali hii, mimi nisingempa mtu yeyote cheo cha op (msimamizi mwenye amri nzito) ndani ya gemu, hata mwenye seva. Amri nzito zitolewe kwenye konsoli.

Wenye seva kadhaa nyuma ya Velocity, programu inayopokea wachezaji mlangoni na kuwapeleka kwenye seva za nyuma, watasema: mbona sisi tumeambiwa tuweke `online-mode=false` kwenye seva za nyuma? Ni sawa, kwa kuwa Velocity ndiyo inayokagua. Lakini hapo seva ya nyuma haitakiwi kufikika na yeyote isipokuwa Velocity. Weka `server-ip=127.0.0.1` kama ziko mashine moja, tumia `player-info-forwarding-mode = "modern"`, na siri iliyo kwenye `forwarding.secret` iandikwe pia kwenye `config/paper-global.yml`. Aliyeacha wazi poti ya seva ya nyuma, tuseme 25566, amejenga ukaguzi mlangoni na kuacha ukuta wa nyuma bila matofali.

RCON ni njia ya kutoa amri za konsoli kupitia mtandao. Haina usimbaji wowote: nywila inapita wazi, na aliyeipata ana uwezo wote wa konsoli. Kama huihitaji, `enable-rcon=false`. Kama unaihitaji kwa ajili ya bakapu, kama nitakavyofanya hapa chini, weka nywila ndefu iliyotengenezwa na `openssl rand -hex 24` na usiifungue kamwe kwenye fayawoli.

## Hatua ya 5: Vyeo

Utaombwa. "Kaka, nipe op dakika mbili tu nijirudishie vitu vyangu, gemu lilikata." Anaweza kuwa anasema kweli. Tatizo ni kwamba op ya kawaida ni ngazi ya 4, na ngazi ya 4 inaweza kusimamisha seva, kufukuza watu na kumpa op mtu mwingine. Ngazi ziko hivi: ya 1 inajenga ndani ya eneo linalolindwa la kuzaliwa, ya 2 inatumia amri kama `/give` na `/tp`, ya 3 inafukuza, kupiga marufuku na kugawa op, ya 4 inazima seva. Kwa `op-permission-level` unaweza kushusha ngazi ya op wapya.

Ila ni bora kuachana na op kabisa na kutumia LuckPerms, ambayo inagawa ruhusa moja moja na hata kwa muda:

```
/lp user Juma permission settemp minecraft.command.teleport true 30m
```

Dakika 30 zikiisha, ruhusa inajiondoa yenyewe, na urafiki wenu unabaki.

Kuna kitu kidogo wasichokijua wengi. `spawn-protection`, ambayo kwa kawaida ni 16, haifanyi kazi kabisa kama seva haina op hata mmoja. Ukiwaondoa ops wote kwa kufuata ushauri wangu, eneo la kuzaliwa litakuwa wazi. Lilinde kwa plagini ya WorldGuard badala yake.

Wasimamizi wako pia wawashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti za Microsoft na Discord. Kumdanganya msimamizi kwa kiungo cha zawadi ni rahisi kuliko kuivunja seva, na hufanyika kila siku.

## Hatua ya 6: Plagini na matoleo

Tarehe 10 Desemba 2021 Mojang walitoa toleo la 1.18.1 kwa haraka. Maktaba ya Log4j, inayoandika logi kwenye programu nyingi za Java, ilikutwa na tundu lililopewa namba CVE-2021-44228 na kuitwa Log4Shell. Mchezaji aliandika kwenye chati sentensi inayoanza na `${jndi:ldap://`, seva ikaiandika kwenye logi, na kwa kuiandika tu ikaenda kupakua na kuendesha programu ya mshambuliaji. Haikuhitaji op wala nywila. Hata kompyuta za wachezaji waliokuwa wakisoma chati ile zilikuwa hatarini. Matoleo kuanzia 1.7 hadi 1.18 yote yaliguswa.

Kwa nini nakumbusha jambo la zamani? Kwa sababu bado watu wanawasha seva za 1.8 na 1.12 kwa mafaili waliyoyahifadhi tangu enzi hizo. Ukitaka toleo la zamani, chukua muundo wa mwisho wa Paper wa toleo hilo, si faili la kwenye flashi ya rafiki.

Juni 2023 likaja la upande wa pili. Programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ilipenyezwa ndani ya modi na plagini zilizokuwa kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit, kwa kupitia akaunti za waandishi zilizotekwa. Ilijinakili kwenye faili nyingine za jar kwenye mashine, ikaiba vidakuzi vya vivinjari na tokeni za Discord, na ikabadilisha anwani za sarafu za kidijitali mtu anapozinakili. Waathirika walikuwa wamepakua kutoka mahali panapoaminika.

Kwa hiyo: weka plagini chache. Kila moja ujiulize kama mngeweza kucheza bila hiyo. Pakua kutoka kwenye ukurasa wa mwandishi mwenyewe, au tovuti za Hangar na Modrinth. Toleo jipya la plagini likitoka, soma kilichobadilika, lijaribu kwenye nakala ya seva, usilirukie saa ile ile. Paper yenyewe, tofauti na hapo, isasishe mapema. Na plagini ya kulipia inayogawiwa bure kwenye tovuti za wizi, iache huko huko. Mtu aliyeivunja leseni alikuwa na sababu ya kufanya kazi hiyo bila malipo, na mara nyingi sababu hiyo iko ndani ya faili.

## Hatua ya 7: Bakapu

Kunakili folda wakati seva inaandika kunaweza kukupa ulimwengu ulioharibika. Iambie isimame kuandika kwanza. Skripti hii inaendeshwa na root kwa cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) na kutuma amri kwa mcrcon, programu ndogo ya RCON, nywila ya RCON ikiwa ndani ya `/root/.rcon` yenye ruhusa 600:

```
#!/bin/bash
set -e
export MCRCON_PASS="$(cat /root/.rcon)"
trap 'mcrcon save-on' EXIT
mcrcon save-off
mcrcon "save-all flush"
mkdir -p /var/backups/mc
chmod 700 /var/backups/mc
tar -czf "/var/backups/mc/$(date +%F-%H%M).tar.gz" -C /opt minecraft
find /var/backups/mc -name '*.tar.gz' -mtime +7 -delete
```

Mstari wa `trap` unahakikisha kwamba hata `tar` ikifeli, seva inarudi kuandika. Bila huo, siku diski ikijaa wachezaji watacheza jioni nzima bila chochote kuhifadhiwa. Nywila inapitishwa kwa `MCRCON_PASS`, si kwa `-p` kwenye amri, kwa kuwa amri huonekana kwenye orodha ya michakato.

Bakapu iliyo kwenye mashine hiyo hiyo haikusaidii mashine ikitekwa. Na hapa angalia mwelekeo: seva isiwe ndiyo inayosukuma nakala kwenda nje kwa ufunguo wenye uwezo wa kufuta, kwa sababu mvamizi ataukuta ufunguo huo na kufuta kote. Kompyuta nyingine ndiyo ije kuvuta, kwa SSH. Kama kompyuta hiyo iko nyumbani na unalipia bando, weka nakala kama folda za kawaida badala ya `.tar.gz` na uvute kwa `rsync`, itakuletea yaliyobadilika tu badala ya gigabaiti zote kila usiku.

Jaribu kurudisha. Chukua nakala ya jana, iwashe kwenye laptopu kama seva, ingia, tembea mpaka nyumbani kwako. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huijui hali yake.

Kwa uharibifu mdogo huhitaji bakapu nzima. Weka plagini ya CoreProtect, inayorekodi kila mabadiliko, tangu siku ya kwanza, maana hairekodi yaliyotokea kabla yake. Mtu akivunja kijiji:

```
/co rollback u:Jina t:2h r:50
```

Yaani kila alichofanya ndani ya saa mbili, umbali wa bloku 50 kutoka uliposimama, kinarudi kilivyokuwa.

## Mashambulizi ya mafuriko (DDoS)

Haya ni mashambulizi ya kuizidi seva kwa trafiki nyingi kutoka mashine nyingi kwa pamoja.

Hapa sitakupa hatua nyingi kwa kuwa huna mengi ya kufanya ukiwa ndani ya seva. Bomba likishajaa huko nje, fayawoli yako inakagua maji yaliyokwisha kufurika. Ulinzi ni wa kampuni unayokodi kwao, hivyo uliza kabla ya kulipa: mna kinga ya DDoS, na je, seva ikishambuliwa mnailinda au mnaizima? Wengi huizima.

Kuweka jina la tovuti kwenye Cloudflare na kuwasha lile wingu la rangi ya chungwa hakusaidii. Huduma yao ya kawaida hupitisha trafiki ya tovuti, si ya Minecraft, na wachezaji hawataingia kabisa. Kuna huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya Minecraft, TCPShield ikiwa mojawapo. Ukitumia yoyote, badilisha anwani ya seva baada ya kuiweka na ruhusu 25565 kutoka anwani za huduma hiyo pekee, la sivyo aliyeihifadhi anwani ya zamani atakupitia huko huko.

## Ukishaingiliwa

Dalili: prosesa inafanya kazi muda wote ilhali hakuna mchezaji, faili za jar zimebadilika ukubwa bila wewe kuzisasisha, `ss -tupn` inaonyesha muunganiko kwenda anwani usizozijua, jina usilolijua limo ndani ya `ops.json`.

Usianze kusafisha. Zima seva kutoka kwenye konsoli ya kampuni, chukua taswira ya diski kama wanaruhusu, kisha kodi mashine mpya safi na urudie hatua ya 1 hadi ya 3 ukiwa na ufunguo mpya wa SSH. Kutoka ya zamani hamisha folda za ulimwengu na orodha ya wachezaji. Faili za `.mca` ni data tu. Jar zote, pamoja na Paper, pakua upya. Faili za mipangilio ya plagini zisome kabla ya kuzinakili, na folda ya `datapacks` ndani ya ulimwengu ikague. Badilisha nywila ya RCON, siri ya Velocity, tokeni ya boti ya Discord na nywila ya hifadhidata, kwa sababu zote zilikuwa zimeandikwa wazi ndani ya `/opt/minecraft`.

Kama ulikuwa unatumia AuthMe, waambie wachezaji siku hiyo hiyo, kwa maneno yasiyozunguka, kwamba nywila waliyoisajili huenda imechukuliwa na waibadilishe kila mahali walipoitumia. Wadogo waambie waende na simu kwa mzazi, maana nywila ile mara nyingi ndiyo ya barua pepe ya nyumbani.